Usiku Kucha kwa Miguu

Somo: 1 Samweli 31:8–13

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunamwona Rais akiweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi akiweka sime, kiongozi wa mabalozi akiweka shada la maua. Mwaka huu tarumbeta ilipolia, mawazo yangu yalikuwa kwenye kabati la nguo la mama mmoja wa usharika wetu. Humo, chini ya doti za khanga, kuna bendera ya Taifa iliyokunjwa.

Mumewe alikuwa askari. Siku tuliyomzika, wenzake walikuja kijijini na malori mawili. Jeneza lilifunikwa bendera, juu yake kofia na mkanda wake. Kikosi kilitembea mwendo wa pole, mitutu ya bunduki ikiangalia chini. Zilipopigwa risasi hewani, kuku walikimbilia migombani na mtoto wa mwisho wa marehemu akaziba masikio akicheka. Kisha akamtazama mama yake, akanyamaza. Afisa akaikunja bendera na kumkabidhi mjane kwa mikono miwili.

Zamani sikuipenda milio ile makaburini. Niliona kama tunamrudisha marehemu vitani. Siku ile nilijirudi. Walikuwepo pale watu waliokuwa wakimsema kwamba haonekani kwenye misiba ya wenzake, nao wakasikia kwa masikio yao alikokuwa siku zote hizo.

Saa kumi jioni malori yakaondoka.

Somo letu linahusu watu wa Yabesh-Gileadi. Sauli alishindwa mlimani Gilboa, na Wafilisti wakautundika mwili wake ukutani Bethshani. Habari ilipovuka Yordani, mashujaa wa Yabeshi waliondoka, wakatembea usiku kucha, wakaiteremsha miili ya Sauli na wanawe, wakaizika mifupa yao kwao na kufunga siku saba. Kwa nini wao? Mfalme aliyekufa hana cha kumlipa mtu. Lakini miaka mingi nyuma, Nahashi Mwamoni alipotaka kuwang'oa watu wa mji ule jicho la kulia kila mmoja, Sauli ndiye aliyekuja kuwaokoa. Macho yaliyoitafuta njia gizani usiku ule yalikuwa yale yale.

Na sisi tuna watu wa namna hiyo. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Walikuwa wanalinda watoto wa Kongo, si mipaka yetu. Umoja wa Mataifa una nishani kwa ajili ya wanaokufa katika kazi hiyo, yenye jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961 akihangaikia amani ya Kongo hiyo hiyo. Ni kioo safi chenye umbo la yai, kimechorwa jina la marehemu. Kizuri sana. Ila hakuna dirisha la ofisi linalokipokea badala ya cheti.

Na vyeti ndivyo vilivyomchosha mama yetu. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Walioana kimila, ndoa ya kanisani waliiahirisha likizo hadi likizo. Shemeji naye akataka awe yeye msimamizi. Ofisi moja ilimrudisha mara tatu kwa herufi moja ya jina iliyokosewa kwenye cheti cha mtoto, na kila safari ni nauli. Aliniambia, "Mchungaji, siku ya mazishi walinipigia saluti. Pale dirishani naulizwa mimi ni nani wa marehemu."

Sikuwa na jibu, na nilistahili kukosa. Wiki ya kwanza tulipeleka mchele na sukari, kwaya ikaimba hadi usiku. Baada ya arobaini nilifika kwake mara moja tu. Wakati huo wote, benchi la tatu kutoka mbele, kila Jumapili, ameketi karani mstaafu wa mahakama. Hakuna aliyemwuliza. Nilipomweleza, alivua miwani, akaniambia herufi hiyo inamalizwa kwa hati ya kiapo, kazi ya asubuhi moja. Ikaisha asubuhi moja.

Limebaki suala la shemeji. Shauri la mirathi limepangwa Jumatano hii saa tatu. Gari la mzee mmoja wa kanisa litaondoka hapa kanisani saa kumi na moja alfajiri, kukiwa bado giza. Karani anakwenda, mimi nakwenda. Zimebaki nafasi mbili.