Silaha Isiyo na Jina

Wasomaji wetu, liko swali ambalo kwa dhahiri ni jepesi: kitu alichokitengeneza mtu kwa mkono wake, nyumbani mwake, kwa mali yake ya halali, je, chaweza kuwa na haki ya mtu mwengine ndani yake? Likiwa jambo ni kiti au kitanda, hapana wa kubishana. Lakini huko Marekani swali hili limekuwa la damu, na mabaraza ya majimbo kadhaa yamelazimika kulijibu, kwani kinachotengenezwa nyumbani ni bunduki.

Ilivyo ni hivi. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968 ilimwajibisha kila mwenye leseni ya kutengeneza au kuingiza bunduki atie kila moja namba yake. Bunduki ikiokotwa penye maiti, askari huuliza kiwanda, kiwanda hutaja duka, na duka hutaja mnunuzi wa kwanza. Ama mtu anayejitengenezea mwenyewe, si kwa kuuza, sheria hiyo haikumlazimisha. Zamani jambo hili halikuwa na uzito, maana kazi hiyo ilitaka fundi hodari. Kisha wakatokea wafanyabiashara wakauza kiunzi cha bunduki kilichokwisha chongwa karibu chote, kimebakia kutobolewa matundu machache, pamoja na vipande vyengine katika kasha moja. Wakasema: kiunzi hakijatimia, kwa hiyo si bunduki, hakina namba, wala mnunuzi haulizwi umri wake wala mwenendo wake. Mwaka 2013 ikaonekana na bastola ya plastiki iliyochapishwa kwa mashine ya kompyuta.

Wenyewe huziita bunduki za mzuka. Mwaka 2017 polisi walipeleka kwa serikali kuu kiasi cha 1,600 ili zitafutwe asili yake. Mwaka 2021 zilizidi 19,000.

Majimbo hayakungoja. California mwaka 2016 ilimtaka anayejitengenezea bunduki aombe kwanza namba. New Jersey mwaka 2018 ikakataza kununua vipande kwa nia ya kuunda bunduki isiyo na namba. Colorado ikafuatia mwaka 2023. Serikali kuu nayo ilitoa kanuni mwaka 2022 ya kuyahesabu makasha hayo kuwa ni bunduki. Ikashitakiwa, na mwezi wa Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi ikaiacha isimame, majaji 7 kwa 2.

Wanaozipinga sheria hizi wana hoja mbili, wala si insafu kuzidharau. Ya kwanza, wasema raia mwema anaadhibiwa kwa kosa asilolitenda, na daftari la serikali laweza kuwa chombo cha dhulma. Ya pili, wasema mwovu hatakwenda kuomba namba.

Hoja ya pili ina ukweli. Tarehe 14 Novemba 2019, katika skuli moja ya Santa Clarita, California, kijana wa miaka 16 aliwaua wanafunzi wenziwe wawili, akajeruhi watatu, kisha akajiua. Mkuu wa polisi wa huko alisema bastola ile iliunganishwa kwa vipande, haina namba. Sheria ya 2016 ilikuwako. Lakini kasha la vipande lilikuwa bado lauzwa kwa yeyote. Mafunzo yake si kwamba sheria ni bure. Ni kwamba wa kuulizwa kwanza ni muuzaji, kabla ya mtengenezaji. Mwaka 2022 California ikavitia vipande vyenyewe katika sheria.

Ama hoja ya kwanza, na tuitazame kwa mizani yetu. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake, asije akamdhuru mtu. Mishale ile ilikuwa halali, na mwenyewe huenda alikuwa mtu mwema. Hakuulizwa nia yake. Alitakiwa ashike ncha, kwa kuwa sokoni kuna ngozi za watu wengine. Na deni, ambalo ni fedha tu, tumeamrishwa katika Suratul-Baqara tuliandike na tuweke mashahidi. Ikiwa fedha huandikwa, vipi chombo cha kutoa roho kiachwe bila maandishi?

Nia njema ya mtengenezaji haihami pamoja na silaha yake. Yeye atakufa, au ataibiwa, au mtoto ataifungua saraka. Silaha itabaki, na itamtii yeyote aishikaye. Namba haimnyang'anyi mwenye mali mali yake. Yambakishia wajibu wake. Na hofu ya daftari dawa yake ni sheria ya kuwabana wanaolisoma, si kuiacha damu ya mtu ipotee bila wa kuulizwa.

Basi jibu la swali letu ni ndiyo. Kila kinachoweza kumdhuru jirani kina haki ya jirani ndani yake, ijapokuwa kimetengenezwa chumbani na mlango umefungwa. Na anayetaka kitu hicho hasa kwa kuwa hakina jina, na ajiulize mwenyewe: ni siku gani anayoiogopa kuulizwa? Kwani iko siku ambayo hata kisicho na namba kitajulikana mwenyewe.

Wallahu aalam.