Amekula Kila Kitu, Kisha Akafungwa



Juzi jioni nilikuwa nimekaa barazani hapa Gombani, si mbali na uwanja wa mpira, naangalia mchezo wa chesi kwenye simu. Pembeni yangu wazee wawili walikuwa wanacheza bao. Mmoja wao, jirani ambaye namwita babu, alichoka kumsubiri mwenzake afikiri, akachungulia simu yangu.

"Mwanangu, ndiyo sataranji hiyo?"

"Ndiyo, babu."

"Nani kashinda hapo?"

Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Akahesabu kwa kidole, kete moja moja. "Mweusi. Si kala kila kitu?"

"Hapana, babu. Mweusi kashindwa. Mfalme wake kafungwa, hana pa kwenda."

Akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Kala vyote hivyo, kisha kafungwa?" Akacheka, akarudi kwenye bao lake. Mimi sikucheka. Swali lile nililala nalo.

Mchezo wenyewe ni maarufu sana, wachezaji wa chesi huuita Mchezo Usiokufa. Ulichezwa London tarehe 21 Juni 1851. Kete nyeupe alishika Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław, Polandi. Nyeusi alishika Lionel Kieseritzky, aliyekuwa akiishi Paris na kufundisha chesi. Haukuwa mchezo wa mashindano. Mjini kulikuwa na mashindano makubwa ya kimataifa, na hawa wawili walikaa tu kucheza kwa kujifurahisha.

Kila anayeusoma mchezo huu humwangalia Anderssen, na ana haki. Alitoa askofu mmoja, akatoa ngome zote mbili, mwisho akatoa hata malkia, kisha akamfunga mfalme kwa farasi wawili na askofu aliyebaki. (Ndiyo, askofu ndiye aliyemaliza kazi. Wanaseminari tunaipenda sana sehemu hiyo.) Nami kwa muda mrefu nilikuwa namwangalia Anderssen tu. Babu ndiye aliyenifanya nikae upande wa pili wa ubao, kwa Kieseritzky.

Hebu tumwangalie. Malkia wake anakula askari pembeni. Askofu wake anakula ngome. Wakati huo Anderssen anasogeza askari mmoja wa katikati, hatua moja tu. Ukitazama haraka unaona ni hatua ya kupoteza muda. Kumbe askari yule ameziba njia ambayo malkia mweusi angepita kurudi nyumbani kumlinda mfalme wake. Malkia naye anafanya nini? Anakula ngome ya pili, kule kwenye kona ya mwisho kabisa ya ubao. Ameshiba, yuko mbali, na njia ya kurudi imefungwa. Hatua nne baadaye mchezo umekwisha.

Sasa hesabu kama babu. Kieseritzky alipoteza askari 3 tu. Malkia wake yupo, ngome zake zote mbili zipo, maaskofu wote wawili, farasi wote wawili. Hakuna kete kubwa hata moja aliyonyang'anywa. Alifungwa akiwa tajiri.

Katika bao, ukila, kete za mwenzako zinakuwa zako na unazidi kupata nguvu. Ndiyo maana babu alishangaa. Na sisi wengi tunaishi kwa hesabu ya bao: mwenye vingi ndiye anayeshinda. Yesu anatuuliza swali jingine kabisa katika Marko 8:36, mtu anapata faida gani akipata dunia nzima halafu akajipoteza mwenyewe. Nimelisoma swali hilo mara nyingi. Nina digrii ya falsafa, ningeweza kukuandikia kurasa kumi juu yake. Lakini niliona ni swali la matajiri. Mimi ni frateri, nina begi moja na simu.

Simu yenyewe ndiyo ilikuwa kona yangu.

Niwaambie ukweli. Kuna mama mmoja mgonjwa katika jumuiya yetu ambaye niliombwa nimtembelee. Siku hiyo nilianza mchezo mmoja wa dakika tano kwenye simu, ukafuata mwingine, na mwingine. Nilishinda michezo mingi sana siku ile. Nilipoinua kichwa ilikuwa usiku. Kesho yake padre akaniuliza, "Ulifika kwa mama?" Nikajibu, "Nilifika, padre." Neno moja tu, limenitoka kabla sijafikiri.

Jumapili padre akanishukuru mbele ya watu wote. Wakatoliki wa hapa Pemba ni wachache, kanisani unaona kila uso. Mjukuu wa yule mama alikuwa amekaa benchi la pili. Akageuka akanitazama, wala hakusema kitu. Watu wananipigia makofi, na mimi nimekaa pale na sifa zangu zote. Kete zangu zote ziko ubaoni. Lakini nimefungwa.

Na kilichonifunga zaidi si uongo wenyewe. Ni kwamba sikwenda kuungama. Nilijiambia: huyu padre anaijua sauti yangu, na ndiye atakayeandika ripoti yangu ya mwaka wa uchungaji. Basi wiki zikapita. Nasali, nafundisha vijana Kipaimara, naimba, ila kitubio nakipita mbali. Najua wapo wenzangu mnaosoma hapa wenye hesabu hiyo hiyo: padre ananijua, padre ni rafiki wa baba, padre atanionaje.

Sasa turudi kwa Kieseritzky, kwa sababu habari yake haikuishia pale mfalme alipofungwa. Yeye alikuwa mhariri wa gazeti la chesi mjini Paris, La Régence. Angeweza kunyamaza. Mchezo haukuwa wa mashindano, nani angejua? Lakini gazeti lake liliuchapisha Julai ya mwaka ule ule, 1851. Aliyeshindwa akauandika mwenyewe mchezo alioshindwa, watu wausome.

Kuna mwingine aliyefanya hivyo kabla yake. Petro alimkana Yesu uani, mbele ya kijakazi, kisha akalia (Mk 14:66-72). Umewahi kujiuliza habari ile ilitufikiaje? Mapokeo ya kale ya Kanisa yanasema Marko aliandika aliyoyasikia katika mahubiri ya Petro. Basi picha hii, vijana: kiongozi wa Mitume anasimama mbele ya waamini na kusema, mimi nilimkana. Hakuwaachia wengine wamsemee. Na hakuna aliyemvua ufunguo kwa sababu hiyo.

Sisemi uende ukatangaze dhambi zako mtandaoni. Kanisa halijakuomba hilo. Limekuwekea mahali pa siri, na siri hiyo si ya kubahatisha. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema siri ya maungamo haivunjwi, na ya 984 inamkataza padre kutumia alichokisikia kwa namna yoyote ya kumdhuru aliyeungama. Kwa hiyo ile hofu yangu ya ripoti ilikuwa hofu tupu, na nilishaisoma sheria hiyo darasani! Tatizo halikuwa kutojua. Nilipenda zaidi kuonekana sijapoteza kete.

Jumamosi nilikwenda. Niliyoambiwa pale yanabaki pale. Baadaye, wakati wa chai, nilimwambia padre wazi, nje ya kitubio, kwamba siku ile sikufika kwa mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bado hujachelewa."

Nikaenda. Mjukuu ndiye aliyenifungulia mlango. Nilimwomba mama msamaha, nikaeleza yote, hata habari ya simu. Aliniangalia, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, umekula?"

Jamani, kijana mwenzangu, wiki hii usihesabu ulichokula. Angalia kama njia ya kurudi nyumbani bado iko wazi. Na kama unaona imezibwa, jua kwamba katika chesi malkia aliyefungiwa njia kule konani hana wa kumfungulia. Wewe unaye. Jumamosi hii, nenda kaungame.

Tusali: Bwana Yesu, wewe ulimtazama Petro hata baada ya kukukana. Nitazame na mimi. Nipe ujasiri wa kukiri nilipofungwa, kabla sijazoea kupigiwa makofi nisiyostahili. Amina.