Nyota Arcturus na Habari za Jirani

Katika miezi ya Mei na Juni, giza likiisha kuingia, tazameni juu upande wa kaskazini. Mtaona nyota yenye kung'aa sana, rangi yake ya machungwa. Wenye elimu ya nyota wanaiita Arcturus. Mfua chuma anaijua sababu ya rangi ile: chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kikizidi kinaelekea kuwa cheupe. Juu ya Arcturus joto ni kama digrii 4.000, juu ya jua letu ni 5.500. Lakini kwa upana inalishinda jua kama mara 25.

Mwangaza wake, wenye kukimbia kilometa 300.000 kwa sekunde moja, unasafiri karibu miaka 37 mbele ya kufika machoni petu. Basi tunaona nyota ya zamani. Mwaka 1933, kule Chicago, walitumia mwangaza huo kuwasha taa za maonyesho makubwa. Walihesabu kwamba ulitoka nyotani miaka 40 mbele, wakati wa maonyesho yao ya 1893. Sawasawa na vipimo vya leo ulitoka karibu na 1896, lakini taa ziliwaka vilevile!

Sasa, mtu anayesema «fulani ni mwizi» kwa jambo aliloliona miaka 20 iliyopita, anasema kweli ao uongo? Macho yake hayakumdanganya, na wengi wanatosheka na jibu hilo. Mimi sitosheki. Kosa haliko katika kuona, liko katika lile neno «ni». Nyota haiwezi kutuambia leo ikoje. Jirani anaweza, mlango wake uko karibu.

Tena watu wa kale walidhani nyota zimepigiliwa mahali pamoja. Mwaka 1718 Mwingereza Edmond Halley alilinganisha mahali pa Arcturus na maandiko ya Wayunani wa kale, akakuta imehama kupita upana wa mwezi mzima. Wayunani hawakuwa waongo. Waliandika walichokiona katika siku zao, na maandiko yao yakamsaidia.

Mwingine atauliza: basi tusahau yote? Hapana. Deni la miaka 20 lingali deni, na aliyeibiwa ana haki ya kudai. Lakini mzee anayeulizwa habari za kijana anayetaka kuoa aseme: «Mwaka fulani nilimwona hivi, tangu hapo sikumfuata.» Wazazi wa binti watajua waende kuuliza wapi.