Deni la Baba Lisilipwe kwa Binti

Katika siku za kawaida si vigumu kuwa baba mwema. Chakula kipo, watoto wanakwenda shule, na mwenye nyumba anaheshimiwa na majirani. Siku ile tegemeo linapoondoka ghafla ndipo linapojulikana lile alilolitanguliza moyoni mwake na lile aliloliweka nyuma. Leo twapenda kuitafakari siku ya namna hiyo, ambayo hufika katika nyumba nyingi za Wakristo kwa njia ya barua ya benki.

Yafaa kwanza kulieleza jambo lenyewe. Mabenki yana desturi ya kumruhusu mteja anayeaminika kutoa fedha kupita zile alizo nazo katika hesabu yake, hadi kikomo walichopatana. Ruhusa hiyo watu wa benki huiita ovadrafti. Mwenye duka pale Mugumu huitumia kununua bidhaa kabla wateja hawajaja. Mkulima wa kahawa katika nyanda za juu za Tarime huitumia kulipa vibarua kabla mavuno hayajauzwa. Mtumishi wa serikali huitumia kuufikia mwisho wa mwezi. Hata katika simu za mkononi huduma ya jinsi hiyo imekwisha ingia: mtu akituma fedha na salio lisitoshe, huongezewa, kisha hukatwa mara fedha nyingine zikiingia.

Basi, ruhusa hiyo ni msaada wa kweli, wala hatuilaumu. Lakini ruhusa si mali. Mtu aliyeruhusiwa kupita katika shamba la jirani asiseme kwamba ana njia. Kwa sheria, ovadrafti huweza kudaiwa yote wakati wowote benki itakapo, isipokuwa mapatano yaseme vingine. Nyumba huizoea mwaka wa kwanza na wa pili. Katika mwaka wa tatu haikumbuki tena kwamba kile inachokula ni cha kukopa. Ndipo barua inapokuja: ruhusa imeondolewa, na deni lote lilipwe. Wazee wetu walikwisha sema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Wala si lazima kosa liwe la mteja. Mnamo Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu mitaji yake ilikuwa imepungua mno. Mojawapo ilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, huku huku katika nchi za Ziwa. Wateja wake hawakuwa wametenda lolote. Na wenye umri mkubwa wanakumbuka jambo lililo kubwa zaidi. Baada ya mabenki kutaifishwa mwezi Februari 1967, vyama vikuu vya ushirika vilinunua mazao ya wakulima kwa fedha za ovadrafti kutoka katika benki za umma. Vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na madeni yakazidi kukua. Mageuzi yalipoanza kwa sheria ya mabenki ya mwaka 1991, benki zikadai dhamana, na vyama vingi havikuwa nayo. Mkulima wa pamba wa Serengeti au wa kahawa wa Tarime hakuwa amepata kuingia benki hata siku moja. Hata hivyo mbolea na dawa alizozoea kupewa na chama kwa mkopo zilitegemea mkono ule ule. Mkono ulipofungwa, yeye ndiye aliyepungukiwa. Ni vema kuyajua hayo, ili mtu aliyepata barua asijihesabu kuwa amelaaniwa, wala majirani wasimcheke.

Je, benki ina haki kufanya hivyo? Kwa sheria, mara nyingi inayo. Lakini Mkristo huuliza tena: je, ni haki mbele ya Mungu? Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 24, hakimkatazi mkopeshaji kudai chake. Chamkataza namna fulani za kudai. Asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, maana hilo ndilo uhai wa nyumba. Asiingie ndani kwa nguvu kutwaa rehani, bali asimame nje. Na vazi la maskini alirudishe jua linapokuchwa, ili mwenyewe apate kulalia. Maana yake ni wazi: aliyemzoesha mwenzake kumtegemea amejitwisha wajibu wa kumpa muda wa kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Kwamba muda huo huwezekana, tuliuona mwaka 2020 katika ugonjwa wa korona, watalii walipoacha kuja Serengeti: mwezi Mei mwaka ule Benki Kuu ilikubali mabenki yaipange upya mikopo ya watu walioumizwa. Tena, tangu mwaka 2019 zipo kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Mwenye lalamiko alipeleke kwanza kwa benki yake kwa maandishi. Asiposikilizwa, analo dawati la malalamiko katika Benki Kuu. Kuomba muda na kuomba deni ligawanywe kwa miezi si aibu. Ni kusema kwamba utalipa.

Hayo ndiyo ya benki. Lakini jambo linalotusumbua zaidi leo halipo benki. Lipo nyumbani, usiku ule baada ya barua kusomwa.

Jambo la kwanza linaloharibu nyumba ni siri. Baba huikunja barua na kuiweka mfukoni. Hamwambii mkewe, kwa kuwa anaona haya. Kesho anakwenda kwa wale wakopeshaji ambao watu wamekwisha waita kausha damu, na jina hilo lawatosha. Analipa deni la benki kwa deni lililo kali kuliko lile la kwanza, na mwezi wa pili godoro na redio vinachukuliwa mbele ya watoto. Wengine hukopa kwa simu, kwa watu wasiojulikana. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mke aliyeapa altareni kukaa na mumewe katika taabu na raha ana haki ya kuijua taabu hiyo ingali changa.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mjane aliyedaiwa, na mdai wake alikuwa yu njiani kuja kuwatwaa wanawe wawili wawe watumwa. Tuutazame utaratibu wa nabii Elisha. Mama yule alisema shida yake waziwazi. Nabii alimwuliza ana nini nyumbani, naye alikuwa na chupa ya mafuta tu. Kisha akatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu, wala si vichache. Wale wanawe waliotakiwa kuwa malipo ya deni ndio waliomsogezea vyombo akimimina. Mafuta yakauzwa, deni likalipwa, na yaliyobaki yakawalisha. Twaona basi kwamba watoto walikuwa wasaidizi wa nyumba katika kulipa, hawakuwa malipo.

Nasi hatuna budi kulisema wazi jambo hili. Twatoa mfano wa Tarime na Serengeti, si kwa kuwa watu wake ni wabaya kuliko wengine, bali kwa kuwa huko jaribu hili lina njia fupi. Mali ya kweli kwa desturi ya nchi ile ni ng'ombe, na ng'ombe huingia katika boma kwa njia ya mahari. Baba aliyefungiwa benki, akiisha kutazama zizi na shamba, jicho lake huweza kumwangukia binti wa miaka 14 aliyeketi jikoni na daftari lake. Kwa desturi ya kale binti hukeketwa kwanza, kisha huposwa. Likizo ya Desemba ikifika, shangazi huitwa, na mambo husemwa kwa sauti ya chini. Hakuna anayetaja deni. Wote wanataja mila.

Hatuishambulii mahari. Mahari inayotolewa kwa binti aliye mtu mzima, aliyekubali kwa moyo wake, ni heshima kati ya koo mbili. Lakini ng'ombe walioletwa ili kuziba pengo la benki si mahari tena, ni bei. Na ndoa isiyo na ridhaa iliyo huru si ndoa mbele ya Kanisa, hata kama zizi limejaa. Serikali nayo imesema. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai kwa sheria ya mwaka 1998. Kumwoa mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30 tangu marekebisho ya mwaka 2016. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyomruhusu binti kuolewa angali mtoto vinapingana na Katiba.

Tunajua baba fulani atatujibu hivi: “Ninyi waandishi mwasema kwa sababu mmeshiba. Shamba langu likiuzwa, binti huyo huyo atakula nini? Si afadhali aende kwenye nyumba yenye chakula?” Jibu hili si la kudharauliwa, maana lina uchungu ndani yake. Lakini tuulize: kwa nini katika hesabu hiyo mwenye kuondoka ni yeye tu, ambaye hakukopa, hakutia sahihi, wala hakuulizwa? Shamba likipotea, laweza kununuliwa tena baada ya miaka kumi. Ng'ombe wakiuzwa, watazaliwa wengine. Mwili uliokatwa haurudi, na utoto uliouzwa haununuliki. Haki yataka kila hasara ianzie kwa aliyefanya mapatano, imfikie mtoto mwisho wa yote, nayo imfikie kama njaa ya pamoja mezani, isiwe kama kutolewa nje ya nyumba.

Shauri hili si jipya. Nehemia, katika sura ya 5 ya kitabu chake, alisikia kilio cha watu waliokuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu yao, na baadhi ya binti zao walikuwa wamekwisha tiwa utumwani. Alikasirika, akawakusanya wakubwa, akawakemea hadharani, nao wakanyamaza wasiwe na la kujibu. Wala hakujitenga na lawama, kwa maana yeye na ndugu zake nao walikuwa wamewakopesha watu. Aliagiza mashamba na riba virudishwe. Hakuwaambia akina baba wale wavumilie. Aliwaambia wenye mali walegeze mkono.

Hapo ndipo sisi sote tunapoguswa. Baba anayetaabika akisikia mahubiri tu, na asipoona hata debe moja la mahindi kutoka kwa jumuiya yake ndogondogo, tumemwachia jaribu peke yake. Kanisa letu halikosi mapokeo katika jambo hili. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha chuo cha Nyegezi, ambako viongozi wa ushirika na wa maendeleo walifundishwa, na ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Huko Masanga, wilayani Tarime, Kanisa limekuwa likiwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa. Kazi hiyo ni njema, lakini ni heri zaidi binti asiwe na haja ya kukimbia. Chama cha akiba na mikopo cha parokia, chenye vitabu safi na viongozi waaminifu, huweza kumwokoa binti kabla hajaijua hatari iliyomkaribia.

Nanyi akina baba, barua ikija, isomeni pamoja na mama wa watoto usiku ule ule. Andikeni vilivyomo nyumbani, vyote. Nendeni benki mkaombe muda, mpewe jibu kwa maandishi. Uzeni kile ambacho kikiuzwa hakizuii kazi ya kesho: dume la ziada kabla ya plau, pikipiki kabla ya shamba, mbegu zisiguswe. Punguzeni sherehe, wala msione haya kuvaa viatu vya mwaka jana. Dawa ya deni ni kulipa, hata kama ni kwa miaka mitano.

Lakini katika orodha ile ya vilivyomo nyumbani, jina la binti lisiandikwe. Yeye si akiba ya nyumba. Ni mmoja wa wenye nyumba. Mungu, aliyempa mzazi mtoto bila kumdai kitu, atamwuliza siku moja habari zake, wala hatakubali kuonyeshwa hati ya benki.