Sogea Kidogo, Nyanya

Mwaka 2020 Elsa Majimbo, binti wa Nairobi, alijirekodi kwa simu akitafuna krispu na kucheka, miwani myeusi usoni. Dunia ikampenda. Sisi wa Majengo tukasema, kumbe siri ni kutojifanya! Nikajaribu. Ila kila nikirekodi nilimwomba nyanya asogee kidogo, asionekane, yeye na ukuta wetu wa udongo. Siku moja akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani mimi ni wa kufichwa?"

Nikamgeuzia kamera. Video ile ilipendwa kuliko zote. Siku hizi ananingoja mlangoni na leso mpya, nami namwambia avae ile kuukuu, ndiyo mafansi wanaipenda. Sijui ni lini nilimkosea zaidi.