Muda wa Mwajiriwa ni wa Nani?

Mkataba wa ajira ya ofisini hutiwa saini na watu wawili, mwajiri na mwajiriwa, lakini saa zinazouzwa ndani yake zina wadai wengi zaidi. Mume au mke, watoto, na wazazi waliozeeka hawaitwi mezani siku hiyo, ingawa walikuwa na haki katika saa hizo kabla karatasi haijaandikwa. Swali linalozuka hapo ni la kifalsafa na la kidini kwa pamoja: je, mtu anaweza kuuza muda usio wake peke yake? Mazungumzo mengi kuhusu msongo wa mawazo kazini hulikwepa. Huishia kwenye nasaha za kulala mapema, kufanya mazoezi na kupanga ratiba vizuri, kana kwamba kosa lote ni uzembe wa mtu mmoja.

Kisheria, saa zinazouzwa zina kikomo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza mwaka 1919, ukaweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Wafanyakazi wa biashara na ofisi walisubiri hadi Mkataba Na. 30 wa mwaka 1930. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila kipindi cha wiki nne. Kwa hesabu ya karatasi, familia inabakiziwa sehemu kubwa ya siku. Hesabu hiyo haijui foleni. Jijini Dar es Salaam, anayeishi Mbagala au Bunju na kufanya kazi Posta huondoka gizani watoto wakiwa wamelala, na jioni aghalabu huwakuta wamelala tena. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 katika njia ya Kimara yaliwapunguzia adha baadhi ya watu, si wote. Tena kuna simu. Mashine ya kiwandani haibebeki kwenda nayo nyumbani, lakini barua pepe ya bosi na kundi la WhatsApp la idara huingia hadi chumbani. Ufaransa iliona jambo hilo mapema: tangu Januari 1, 2017, sheria yake inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa baada ya kazi.

Uhalali wa kuuza saa umejengwa juu ya wazo la zamani kidogo. John Locke, katika maandishi yake ya mwaka 1689 kuhusu serikali, alishikilia kwamba kila mtu anaimiliki nafsi yake mwenyewe, na hivyo kazi ya mikono yake ni mali yake. Anayemiliki kitu anaweza kukiuza. Hata Karl Marx, alipoyachambua mauzo hayo mwaka 1867, alimwonyesha mfanyakazi akiingia sokoni kama mwenye nguvu-kazi yake. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa juu ya thamani inayobaki mikononi mwa tajiri. Mwanatheolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alianzia kwingine kabisa: mtu yupo kwa kuwa jamaa zake wapo. Likikubaliwa hilo, muda wake nao haumilikiwi na yeye tu, na mkataba alioutia saini umeuza kitu cha ubia bila idhini ya wabia wengine.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini isipokewe kwa shangwe tupu. Jamaa hao hao wenye haki katika muda wa mwajiriwa ndio wanaoupigia hesabu mshahara wake kuanzia tarehe 20. Mwenye ajira ya kudumu katika ukoo huwa benki ya ukoo: ada ya mpwa, dawa za bibi, mchango wa harusi, msiba. Wengi hujiongezea saa za ofisini kwa sababu ubia wenyewe unawadai fedha. Kumtetea mwajiriwa dhidi ya ofisi bila kulitaja hilo ni kusema nusu ya kweli.

Mapokeo ya Kiislamu yana kisa kinacholigusa suala hili kuliko mahubiri mengi ya leo. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Salman Al-Farisi alimtembelea swahaba mwenzake Abu Dardaa, akamkuta mke wa mwenyeji wake amejiacha, hajipambi, kwa kuwa mumewe hakuwa na haja tena na mambo ya dunia: mchana anafunga, usiku anasali. Salman alimfanya mwenyeji wake afungue saumu, akamzuia kusimama usiku kusali hadi sehemu ya mwisho, kisha akamweleza kuwa Mola ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, alisema Salman amesema kweli. Uzito wa kisa uko katika kilichokuwa kinashindana na familia. Hakikuwa biashara wala anasa. Kilikuwa ibada ya hiari. Ikiwa sala ya usiku haifuti haki ya mke, ripoti ya robo mwaka itaifutaje?

Jibu la kawaida la mwajiriwa ni kwamba anayoyafanya ofisini anawafanyia hao hao wa nyumbani. Lina msingi. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unamhukumu vikali asiyewatunza walio wake, na fiqhi ya Kiislamu humwajibisha mume kutoa nafaka, yaani chakula, mavazi na makazi. Kodi ya nyumba na marejesho ya mkopo havilipwi kwa kukaa sebuleni ukicheza na watoto. Kasoro ya jibu hilo ni kudhani kwamba haki moja ikilipwa kwa wingi inaziba nyingine. Katika Qurani, aya ya 19 ya Sura An-Nisaa inawaamuru waume kukaa na wake zao kwa wema, na wajibu huo haufutwi na nafaka, hata iwe nono kiasi gani. Mtoto naye anadai mambo mawili, kulishwa na kulelewa, na mzazi asiyeonekana hutimiza la kwanza tu.

Hata saa chache zinazorudi nyumbani hazirudi zikiwa nzima. Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure New York, alieleza hali ya wahudumu waliochakaa kwa kazi hadi wakabaki maganda. Shirika la Afya Duniani liliifafanua hali hiyo mwaka 2019 kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi, na kupungua kwa ufanisi. Liliiandika kuwa jambo la mahali pa kazi, si ugonjwa wa mtu, na tofauti hiyo ina maana kwa wanaopenda kumlaumu mgonjwa. Mwaka 2021 shirika hilo na lile la Kazi yalikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, kulinganisha na 35 hadi 40, kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35.

Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1983 aliandika kuhusu wahudumu wa ndege wanaolipwa kutabasamu, akaonyesha kwamba hisia nazo hununuliwa. Karani wa benki aliyewavumilia wateja wakali tangu asubuhi anafika kwake uvumilivu umekwisha, na anayepata mabaki ni mtoto mwenye swali la hesabu. Kitabu cha Hochschild cha mwaka 1997, kilichotokana na uchunguzi ndani ya kampuni moja kubwa, kina jambo lisilowapendeza wahubiri: baadhi ya wazazi walibaki kazini kwa kupenda. Ofisini walishukuriwa, walieleweka, na kazi ilikuwa na mwisho. Nyumbani madai hayakuisha na hakuna aliyesema ahsante. Si kila mara, basi, ofisi ni mwizi. Kuna wanaoikimbilia, na Abu Dardaa angewaelewa, kwa sababu hata ibada inaweza kuwa maficho.

Mzigo wenyewe haugawanywi sawa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Baba alipewa siku 3. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, ilimpa baba wiki mbili. Sheria za namna hii zinafundisha nani anategemewa nyumbani, na wanawake walioajiriwa wanalijua somo hilo kwa vitendo: wakitoka ofisini wanaanza zamu nyingine jikoni.

Serikali nayo ni mwajiri. Uhamisho wa watumishi kwenda Dodoma, ulioshika kasi tangu mwaka 2016, uliziweka familia nyingi katika miji miwili, mmoja akiripoti wizarani na mwenzake akibaki Dar es Salaam kwa ajili ya kazi yake au shule za watoto. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza saa za safari. Haijabadili utaratibu ambao barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtu mmoja.

Pengo linalobaki nyumbani halikai wazi. Katika miji ya Afrika Mashariki huzibwa na dada wa kazi, na hapo ndipo hoja ya haki za familia inapopata mtihani wake mgumu. Ili mama na baba watoke kabla ya mapambazuko na kurudi usiku, lazima mtu awe ameamka kabla yao na alale baada yao. Mara nyingi ni msichana aliyetoka kijijini, wakati mwingine ameacha mtoto wake kwa bibi. Familia inayolalamika kuibiwa muda na ofisi imenunua, kwa bei ndogo zaidi, muda wa familia nyingine. Kanuni ya Salman haimruki msichana huyo: naye ana nafsi, ana Mola, ana watu wake.

Maandiko hayakumsahau mtumishi wa nyumbani. Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, inamtaja mtumwa na mjakazi waziwazi, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inatoa sababu: wapate kupumzika kama bwana wao, ambaye babu zake walikuwa watumwa Misri. Hadithi ya Mtume aliyoipokea swahaba Abu Dharr inawaita wanaotumika nyumbani ndugu, inaagiza wale na kuvaa kama wenyeji wao, na inakataza kuwatwika wasiyoyaweza. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka wapate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 pia haikumtenga mfanyakazi wa nyumbani, kwa hiyo kikomo cha saa 45 ni chake kama kilivyo cha afisa wa benki. Lakini mkaguzi wa kazi hukagua viwanda na maofisi, hapigi hodi jikoni, na anayepaswa kumhesabia saa zake ni yule yule ambaye hajarudi bado kutoka kazini.