Mchezo wa Dhihaka na Biashara ya Sanduku Lililofungwa

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa yetu ya baada ya Maghribi tumekuwa tukisoma mlango wa biashara. Tulipofika pahala pa biashara zilizokatazwa, kijana mmoja katika wanafunzi aliomba ruhusa atuonyeshe jambo katika kompyuta aliyokuja nayo. Lilikuwa ni mchezo. Wazee wawili walikunja nyuso, na mmoja wao akauliza tangu lini mambo ya upuuzi yakafunguliwa mbele ya kitabu. Twamheshimu mzee wetu, lakini twaona swali lake lilitangulia wakati wake.

Mchezo wenyewe waitwa DLC Quest. Uliundwa na mtu aitwaye Ben Kane, ukatoka mwaka 2011. Kisa chake ni kile kile cha ngano za watoto: mtu mbaya amemwiba binti wa mfalme, na shujaa yuaenda kumkomboa. Lakini shujaa huyu, aanzapo safari yake, aweza kwenda upande wa kulia tu. Akitaka kurudi kushoto, au kuruka juu, hana budi anunue ruhusa. Akitaka sauti isikike, anunue. Hata kuusimamisha mchezo kidogo, mtu akanywe maji, ni bidhaa yenye bei yake. Njiani huokota sarafu, akampelekea muuzaji. Na sarafu hizo ni za ndani ya mchezo. Mwenye kuununua mchezo huo hulipa mara moja, wala haombwi senti nyengine. Aliyeutunga hakutaka kumtoa mtu pesa kwa vipande vipande, bali alitaka kuwacheka wale wafanyao hivyo.

Tulicheka, na mzee wetu pia alicheka. Asiyecheka ni ndugu mmoja aliyeketi karibu na nguzo. Tulipomuuliza, alitueleza khabari ambayo tumepata idhini yake kuiandika bila ya jina. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja hucheza katika simu ya baba mchezo wa kupiga bunduki, ambao haukununuliwa kwa kitu. Katika muda wa miezi miwili zilitoka katika simu ile shilingi 7,400, kwa mafungu ya hamsini, mia, na mia na hamsini, nazo ni pesa alizoziweka kwa sare na vitabu vya skuli. Mtoto aliijua nambari ya siri, kwa sababu baba mwenyewe humtuma dukani kulipia mkate. Alichokitaka ni bunduki ya rangi ya dhahabu. Bunduki hiyo haiuzwi wazi. Hutoka ndani ya sanduku lililofungwa, na sanduku hununuliwa kabla ya kujulikana lina nini. Alinunua masanduku mengi na bunduki hakuipata. Alipoulizwa alisema, “Baba, nilikuwa karibu kuipata.” Baba akampiga. Na hilo ndilo lililomtia simanzi ndugu yetu kuliko pesa zenyewe: alimpiga, na mpaka usiku ule hakujua mwenye kosa ni nani.

Swali hili lastahiki jawabu, nalo halipatikani ila kwa kulitazama jambo lilivyoanza.

Mashine za michezo za kutia sarafu ni za zamani. Mwaka 1978 Wajapani walitoa mchezo wa kupiga risasi uitwao Space Invaders, ukaenea ulimwengu mzima. Mtu hutia sarafu moja akapata zamu moja. Akiwa hodari zamu hurefuka, akiwa mchanga hufupika. Twaweza kusema ulikuwa upotezaji wa wakati, lakini bei ilijulikana na bidhaa ilijulikana. Mwaka 1990 ikatoka mashine ya Double Dragon 3, ambayo ndani yake mna duka: tia sarafu zaidi upate nguvu zaidi. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi kwa dola mbili na nusu, farasi ambaye hayupo ila katika kioo, na wachezaji wengi walikasirika na kuifanyia mzaha. Hasira zikapoa, biashara ikabaki. Leo mchezo hutolewa bure, na kila kilichomo ndani yake chauzwa. Tena hakiuzwi kwa shilingi, bali kwa almasi za uongo zinazonunuliwa kwa shilingi, na almasi hizo huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, ili daima zibaki chache zisizotosha kununua kitu. Mtoto hajui tena ametoa kiasi gani. Khasa ndilo lililokusudiwa.

Sasa tuitazame sharia. Mwenye kununua kitu kinachojulikana, kwa bei inayojulikana, akiwa baleghe na mwenye akili, hatuwezi kumwambia ametenda kamari. Huenda ikawa ni israfu, na israfu ina hukumu yake, lakini tusiyachanganye mambo.

Ama sanduku lililofungwa, hilo ni jengine. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira ya kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya kijiwe na biashara ya gharari, yaani ile ambayo mwisho wake umefichika. Wanavyuoni wameifasiri biashara ya kijiwe kwa njia kadhaa, na mojawapo ni hii: muuzaji hutandaza nguo, akasema nguo itakayoangukiwa na kijiwe ndiyo yako kwa bei kadha. Nguo moja ni ya thamani na nyengine ni tambara, na mnunuzi amekwisha kulipa. Enyi ndugu, kuna tofauti gani baina ya kijiwe hicho na sanduku la mtoto yule? Wenye michezo husema hii si kamari, kwa kuwa kila sanduku lina kitu na hakuna atokaye mikono mitupu. Twawajibu ya kwamba na mnunuzi wa kijiwe pia hakutoka mikono mitupu. Kila mara alipata nguo. Na bado ilikatazwa.

Na kamari ya Waarabu wa kijahilia, iliyokatazwa katika Suratul Maida pamoja na ulevi, ilikuwa ni kuvuta mishale juu ya nyama ya ngamia, na mara nyingi washindi wakiwagawia maskini nyama ile. Katika kamari ya simu hata hiyo nyama ya maskini haimo.

Wala tusidhani haya ni maneno ya misikitini tu. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya kusimamia kamari ya Ubelgiji iliamua ya kwamba masanduku ya michezo kadha mashuhuri, mmoja wao FIFA 18, yamevunja sharia ya kamari ya nchi hiyo. Mwaka 2019 wenye mchezo wa Fortnite waliyafanya masanduku yao yaonekane yaliyomo kabla ya kununuliwa. Basi yumkini kulifungua jambo hili, ikiwa mtu ataka. Lakini kampuni hiyo hiyo, Epic Games, mwezi wa Disemba 2022 ilikubali mbele ya serikali ya Marekani kutoa dola milioni 245 za kuwarejeshea wanunuzi, kwa mashtaka kwamba watu walitozwa kwa hila za vibonyezo na watoto waliachwa wanunue bila ya idhini ya wazee wao. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, biashara aliyoifunga mtoto asiyebaleghe haisihi hata kidogo.

Kuna waliodhani dhihaka yatosha kuwa dawa. Mwaka 2010 mwalimu mmoja wa Marekani, Ian Bogost, alitunga katika Facebook mchezo wa Cow Clicker ili aonyeshe upumbavu wa michezo ya aina hii. Una ng'ombe, wambonyeza mara moja, kisha wangoja saa sita. Ukichoka kungoja, lipa. Hapana zaidi ya hayo. Watu zaidi ya 50,000 waliucheza kwa dhati, na wengine wakatoa pesa zao. Mwaka 2011 mwenyewe aliwaondoa ng'ombe wote, na wako walioendelea kubonyeza pahala patupu walipokuwa ng'ombe.

Kwa hivyo twawalaumu watu wa aina mbili, nasi tumo. Wa kwanza ni wale wasemao kila mchezo ni haramu wakafunga mlango; vijana huwasikia, kisha huenda kucheza nyuma ya mlango huo. Wa pili ni sisi tuliosema ni mambo ya watoto, tukampa mtoto simu ili anyamaze tupate kuzungumza na wageni. Ikiwa mtu hampi mwanawe ufunguo wa kasha la fedha, kwa nini ampe nambari ya siri?

Basi ndugu yetu alijibiwa ya kwamba mtoto hajaandikiwa dhambi, ya kwamba muuzaji ameuza kilichokatazwa kwa asiyefaa kuuziwa, na ya kwamba yeye mwenyewe aliacha amana wazi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama yajuzu baba kumwomba mtoto radhi. Tukamwambia yajuzu, na ni vyema afanye kabla ya kulala.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili. Tulimsaidia baba kuandika barua ya kudai pesa zake kwa wenye mchezo, na mtoto ndiye aliyetusomea majina ya masanduku na siku zake, moja moja, nasi tukiandika. Mpaka twapeleka kurasa hizi chapani, jawabu haijafika.